Samaki Asiye na Bei

Kwa miaka kumi na tisa mimi ndiye niliyetaja bei ya samaki katika mji wetu wa Otsirkrom. Mtumbwi ukivutwa mchangani, hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kugusa samaki mpaka mimi niletewe beseni la kwanza. Nawaminya, nawatazama, nabishana kidogo na nahodha ili naye aone ametetewa, kisha nataja bei kwa sauti. Bei hiyo ndiyo ya siku nzima, kwa kila mtumbwi na kila mnunuzi. Walikuwa wakiniita Nana, jina la heshima la mtu aliyekalia kiti cha cheo. Jina langu la kuzaliwa, Araba Kwansima, nilibaki nikilisikia kanisani tu.

Watu wanasema siku ya kesi nilikuwa na roho ngumu. Sikuwa na roho ngumu. Sikuwa na kitu chochote ndani, wala kigumu wala kilaini, na naomba hilo lieleweke mapema ili nisiulizwe tena.

Lazima nianze na baruti. Bahari yetu ilikuwa imeanza kukauka samaki. Nje huko, mbali na pwani, meli za kukokota nyavu zilikuwa zikizoa usiku na mchana, wakubwa kwa wadogo, na sisi tukabaki na makombo. Wanaume wetu badala ya kuzikasirikia meli waliwakasirikia samaki. Wakapata baruti kwenye machimbo ya mawe, wakawa wanaitupa majini. Ikilipuka, samaki mmoja anaelea na wengine kumi wanazama wakaoze chini, pamoja na mayai yao na vitoto vyao na majani walimokuwa wakijificha. Serikali ilituletea afisa mmoja, Bwana Essilfie, mtu mwema mwenye gari moja na miji mitatu ya kulinda. Gari lile likiwaka, mlio wake unasikika kabla halijapanda kilima, na likifika ushahidi umeshakaangwa na umeshaliwa.

Lakini sisi wanawake hatuhitaji gari. Samaki wa baruti tunamjua kwa kidole. Nyama yake imeachana na mfupa. Ukimminya nyuma ya kichwa kwa dole gumba, samaki mzima anakusukuma, anarudi kama alivyokuwa. Wa baruti anabonyea, anabaki na shimo. Basi Jumanne moja, maana Jumanne ni siku ya bahari kupumzika na hakuna mtumbwi unaotoka, niliwaita wanawake wote nikawaambia, kuanzia leo samaki wa baruti hana bei. Asiye na bei hanunuliki. Tutamzika mchangani, na mwenye uchungu naye ajizike pembeni.

Walitutukana sana. Mzee mmoja aliniambia, "Araba, wewe hata kuogelea hujui, unatufundisha kuvua?" Nikamwambia, "Na wewe hata kukaanga hujui, unataka nikununulie uji wa samaki?" Mwezi wa kwanza tuliizika mizigo ya mitumbwi mitano. Mmoja ulikuwa wa mume wa Aba Mbroba, mwanamke mwenye ulimi mrefu kuliko wote mji mzima, na Aba alisimama pale akitazama, hakusema neno, akachukua koleo akafukia pamoja nasi. Baada ya mwaka milio ya baruti ikakoma. Mwaka wa pili, bahari ilipofunguliwa baada ya mwezi wa saba ambao wote tunaacha kuvua, vibua wadogo walionekana tena karibu na ufuo. Sisemi bahari ilipona. Nasema tuliwaona kwa macho yetu, na wazee wakatoka majumbani kuja kutazama.

Sasa vidole vyangu. Miaka thelathini na minne nimekaa mbele ya tanuri, nikigeuza samaki juu ya makaa kwa mikono mitupu, maana mwenye kutumia kibanio anawavunja. Ngozi ikaungua, ikapona, ikaungua. Siku moja nilikuwa nasaga pilipili nikaona damu ndani ya chungu, nikauliza, nani kajikata? Nilikuwa peke yangu jikoni. Nikaenda zahanati. Muuguzi akaniambia nifumbe macho, nikafumba, nikangoja. Nikamwambia, "Binti, choma basi, nina samaki motoni." Akasema, "Mama, nimeshakuchoma mara nne."

Sikumwambia mtu. Cheo ni kitamu, sitadanganya. Lakini kulikuwa na jambo lingine pia. Makubaliano yote ya mji ule yalikuwa yamekaa juu ya dole gumba langu, na dole lilikuwa limekufa. Nikajiambia macho yatatosha. Samaki wa baruti uti wake umevunjika. Ukimshika mkia ukamwinua ubapa, kichwa kinaning'inia kama kitambaa kilicholowa. Mzima ananyooka. Basi nikawa naminya kwa ajili ya kuonekana tu, halafu namwinua na kutazama. Miezi minane nilipima hivyo na sikukosea hata mara moja.

Mtu mmoja tu alijua. Ebow, mwanangu, aliyebaki kati ya watatu niliowazaa. Aliingia jikoni akanikuta nimebeba sufuria nimeitoa motoni bila kitambaa, natembea nayo taratibu, nazungumza na kuku. Alipiga kelele. Aliichukua, akanitia mikono kwenye ndoo ya maji, akanipaka mafuta, na mtu mzima yule, nahodha, mwenye ndevu, akalia. Nikamwambia asimwambie mtu. Akaapa. Na hakumwambia mtu, hilo lazima nimpe haki yake.

Mtumbwi wa Ebow ulikuwa wa kijani na umeandikwa ubavuni WENYE WIVU NGOJENI. Mwaka huo wivu ulikuwa umengoja sana na hakuna kilichofika. Alikuwa akirudi na samaki wa kujaza mabeseni matatu, watu wake wakawa wanamkimbia mmoja mmoja kwenda mitumbwi mingine. Mkewe alikuwa mjamzito. Nilimwambia avumilie. Nilimwambia hivyo kila siku, kwa maneno yale yale, na sasa nikikumbuka naona hata mimi nisingevumilia kuambiwa.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane Ebow akarudi mtumbwi umezama mpaka ukingoni kwa vibua. Wanawake wakaanza kushangilia kabla haujagusa mchanga.

"Nana!" akaniita kutoka majini, mbele za watu haniiti mama. "Leo tuma watu wakakodi mabeseni mji wa pili! Haya yenu hayatoshi!"

"Tangulia kwanza ufike," nikamjibu. "Wenye wivu wamechoka kungoja."

Watu wakacheka. Beseni la kwanza kwa kawaida huletwa na baharia yeyote, lakini siku ile alilileta mwenyewe, amelibeba kichwani, maji yanamtiririka usoni. Juu ya samaki kulikuwa na barafu iliyopondwa.

"Barafu ya nini?" nikamuuliza.

"Tulilala nje siku mbili, Nana. Na jua hili? Ningekuletea samaki wamechemka."

Nikaminya. Sikusikia kitu, kama kila siku. Nikamshika mmoja mkia nikamwinua, akanyooka sawasawa. Macho maangavu, matamvua mekundu. Nikamwinua wa pili na wa tatu. Nikataja bei, nikaipandisha kidogo kwa ajili yake, Mungu anisamehe, kwa kuwa nilifurahi. Wanawake wakajisomba na mabeseni na pwani ikawa tupu kabla ya saa nne.

Saa nane mchana nilisikia kelele uani kwa Aba Mbroba. Kisha uani kwa jirani yake. Nikatoka kwenda kwenye tanuri langu, nikavuta trei ya juu. Juu ya waya kulikuwa na vichwa na mifupa ya migongo. Nyama yote ilikuwa imedondoka, inaungua kwenye makaa. Mji mzima ulinuka nyama ya samaki inayoungua, harufu ambayo mchomaji samaki yeyote anaijua na hataki kuisikia.

Nilisimama na ile trei mkononi na hapo ndipo nikaielewa barafu. Barafu humkaza samaki. Hata aliyevunjika uti, ukimlaza kwenye barafu, akishakakamaa ukimwinua ananyooka. Lakini barafu haimdanganyi mwenye dole gumba zima hata kidogo. Ukiminya tu utajua nyama imeachana na mfupa, iwe ya baridi iwe ya moto. Aba angejua kwa samaki wa kwanza, ila bei ikishatajwa hakuna anayeminya tena. Barafu ile iliwekwa kwa ajili ya mtu anayepima kwa macho. Pwani nzima ya Otsirkrom mtu huyo alikuwa mmoja, na aliyejua habari zake alikuwa mmoja.

Nikakaa kwenye kigoda nikingoja hasira. Sikuiona. Nikangoja machozi, nayo hayakuja. Basi nikachukua kisu nikaanza kukwangua trei, maana zisipokwanguliwa zikiwa moto waya unaharibika.

Wanawake wakaja kwa pamoja, Aba mbele, mikono imejaa majivu.

"Nana, tueleze," akasema. "Taratibu tu, sisi si watu wa ugomvi. Baruti ya mume wangu ilikuwa sumu. Ya mwanao ni sukari?"

"Jumanne," nikasema.

"Jumanne nini? Mimi wanangu wale Jumanne?" mwanamke mmoja nyuma yake akadakia.

"Nilisimama na koleo nikafukia samaki wa nyumbani kwangu!" Aba sasa alikuwa ananinyooshea kidole. "Wewe ndiye uliyenipa koleo lile, Nana. Nilifukia nikijua leo tunalala na dokono kavu bila kitoweo. Ukaniambia, Aba, umefanya vizuri. Na wewe umeminya hawa, umeminya mbele yetu sote, ukaona ni wa mwanao, ukataja bei."

"Nitasema Jumanne, kwenye baraza," nikasema tena. Walipoondoka nikamaliza trei zilizobaki.

Jumapili asubuhi tukiwa kanisani tukasikia mlio. Vioo vya madirisha vikatikisika. Mchungaji akatazama Biblia yake, akaendelea. Kisha mlio wa pili, upande mwingine. Mitumbwi miwili ilikuwa imetoka na baruti mchana kweupe bila kujificha, na walipoulizwa pwani wakasema, sisi tukatazwe kwa sababu mama zetu hawana viti? Baadhi ya wanawake wakanunua.

Jumatatu Ebow akaja nyumbani. Alikaa mlangoni, si ndani.

"Mama, nyamaza tu," akasema. "Ukinyamaza hakuna kesi. Nana akishataja bei mtumbwi umeshasafishika, hakuna wa kuurudia. Sheria ndivyo ilivyo, si mimi niliyeitunga."

"Mimi ndiye niliyeitunga."

"Haya, basi. Watanung'unika wiki mbili watachoka."

"Watasema nilikuficha."

"Watasema. Wewe ni Nana, watakufanya nini?" Akajikuna shingo. "Ilikuwa mara moja, mama. Moja tu. Kofi na ndugu yake waliniambia kesho hawaji, wanahamia mtumbwi wa Amissah. Ningebaki na nani? Nivute nyavu mwenyewe na mke mjamzito?"

"Anajifungua lini?"

"Mwezi ujao, mwanzoni."

"Barafu ulinunua wapi?"

"Mankessim," akasema.

Ni mwendo wa saa nzima kwa gari. Kwenda saa moja, kurudi saa moja, na mfuko wa barafu miguuni unamwagika. Nikahesabu vituo vyote vya njiani ambapo angeweza kushuka. Kisha nikainuka nikampakulia dokono, donge la unga wa mahindi uliochachuka, na mchuzi wa pilipili, maana alionekana hajala. Alikula yote. Alipomaliza alinawa, akaniambia, "Ahsante, mama," akaondoka akidhani tumekubaliana. Hata mimi sikujua kama tumekubaliana.

Mambo yalikuwa hivi, na nilikuwa nayaona wazi kama karai mbele yangu. Nikinyamaza, Ebow yuko salama, mimi ni mwizi mwenye cheo, na baruti imerudi moja kwa moja, kwani ni nani atakubali tena kufukia samaki wake kwa neno la mwanamke yeyote? Nikisema vidole vyangu vimekufa, bei niliyotaja inafutika, na mtumbwi wake haujasafishika. Sheria ya mji kwa mwenye baruti ni injini kufungiwa nyumbani kwa mkuu wa wavuvi na mtu mwenyewe kukabidhiwa kwa Bwana Essilfie. Na kwa Essilfie ni mahakamani, na mahakamani ni jela. Nililala vizuri usiku ule. Nalisema hili kwa aibu.

Jumanne tulikutana kwenye banda la nyavu. Mkuu wa wavuvi, Nana Egyir, alikaa katikati. Kwa desturi mtu hazungumzi naye moja kwa moja, maneno yote yanapitia kwa msemaji wake, mzee Otoo, ambaye huyarudia upya kwa lugha tamu hata kama mkuu amekaa hatua mbili na masikio yake ni mazima. Bwana Essilfie aliketi pembeni na daftari lake. Mimi nilikaa kwenye kiti changu na wanawake nyuma yangu, mbali kidogo kuliko kawaida.

Aba akasema yake, yote, na hakutia chumvi. Otoo akayarudia. Kisha Ebow akasimama.

"Mzee Otoo, mwambie Nana Egyir kwamba mimi sina la kusema. Nilileta beseni. Nana wa samaki akapima mwenyewe, mbele ya watu wote hawa. Akataja bei. Kama kulikuwa na ubaya si angeuona?"

Watu wote wakanigeukia. Ebow peke yake hakugeuka.

"Mzee Otoo," nikasema, "mwambie Nana Egyir kwamba ni kweli nilipima. Ila vidole vyangu vimekufa. Hakuna kidole hata kimoja kinachosikia."

Otoo akafungua mdomo kuyarudia, akaufunga. Nadhani hakupata lugha tamu ya jambo lile.

"Uongo!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Sasa ni mgonjwa! Juzi mzima, leo mgonjwa!"

"Si kajichagulia ugonjwa mzuri," mwingine akasema, na watu wakacheka vibaya.

Nikanyoosha mkono wangu wa kulia nyuma, kwa Aba. "Una pini kwenye kilemba," nikamwambia. "Itoe." Kisha nikageuza uso nikatazama mitumbwi iliyovutwa juu, rangi zake, maandishi yake. Nilikuwa nasoma ubavuni mwa mmoja uliopakwa upya.

"Umeanza?" nikauliza.

"Yesu wangu," Aba akasema.

Nilipogeuka, pini ilikuwa kwenye kidole cha tatu, na viwili vya kwanza vilikuwa vinatoka damu. Alikuwa ameuma midomo. Alitoa pini akaifuta kwenye khanga yake, akaifuta tena, ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Tangu lini?" akaniuliza kwa sauti ya chini, si sauti yake.

"Miezi minane."

Nana Egyir alikuwa mtu wa huruma na alivua pamoja na marehemu mume wangu. Alimnong'oneza Otoo kwa muda. Otoo akasimama akasema mkuu ameona, na mkuu anasikitika. Kwamba Nana wa samaki hakuficha kitu bali alikuwa mgonjwa. Na kuhusu nahodha, je, hakuna uwezekano kwamba alikutana na mtumbwi mwingine huko nje, labda wa ugenini, akanunua samaki wale bila kujua walivyokufa? Kama ni hivyo mkuu hana haja ya kumsumbua Bwana Essilfie.

Ulikuwa mlango, na aliufungua wazi kabisa. Ebow akaingia mbio.

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Mtumbwi wa watu wa magharibi. Sikujua, wazee wangu. Ningejuaje?"

Bwana Essilfie aliacha kuandika. Watu wakaanza kupumua. Niliona hata Aba anataka jambo liishe, amechoka, ana aibu ya ile pini. Lakini ni mtu asiyeacha swali nusu. Akaniuliza, si kwa ukali, "Nana, na hiyo miezi minane, nani alijua?"

Ningesema hakuna. Neno lilikuwa moja, nilikuwa nalo mdomoni, na lingetosha. Ebow hatimaye akanitazama. Ana macho ya baba yake, yaliyolala kidogo pembeni. Nilimtazama nikatafuta ndani yangu yule mama anayepaswa kuwa pale, anayepiga kelele, anayejitupa miguuni kwa watu. Nilimwita. Hakuja. Aliyekuja ni yule mwanamke wa pwani mwenye beseni mbele yake, na huyo ana kazi moja tu.

"Mwanangu alijua," nikasema. "Yeye peke yake. Ndiyo maana akaweka barafu."

Sikuhitaji kueleza zaidi. Kila mwanamke mle ndani amewahi kushika samaki wa barafu, na nilisikia jambo likipita kutoka mmoja hadi mwingine mpaka ukutani, bila maneno, pumzi tu. Wanaume walichelewa kidogo, kisha nao wakaelewa. Ebow akaketi chini. Hakukana. Alisema tu, "Mama," kama anayeniita kutoka chumba cha pili.

Nana Egyir akafunika uso kwa kiganja. Otoo alibaki amesimama na fimbo yake, na nikajua anangoja nini, na kwamba hataki. Mtu wa kiti akitaja bei ya uongo, iwe kwa hila iwe kwa ugonjwa, anashushwa. Anashushwa kwa kuvuliwa viatu mbele za watu, kwa sababu nyayo za mtu wa kiti hazigusi ardhi kadamnasi. Msemaji ndiye anayevivua. Nilimwona mzee Otoo na magoti yake mabovu, atainamaje.

Nikainama mwenyewe nikavivua. Cha kushoto, cha kulia. Nikavisukuma chini ya kiti. Kabla sijasimama nikasema kwa sauti yangu ya pwani, ile ya kutajia bei, "Samaki wa Ijumaa hawana bei. Na wa Jumapili hawana bei. Aliyenunua akafukie." Nilisema hivyo nikiwa peku, kwa hiyo sijui kama ilihesabika. Lakini Aba aliinuka akasema, "Mmesikia. Koleo ziko kwangu," na wanawake wakaanza kuinuka.

Ilikuwa saa sita na nusu. Essilfie na vijana wawili walikuwa wameshamtoa Ebow nje, wanamwongoza kwenye gari lililokuwa juu karibu na barabara. Wanaume wanne walikuwa wanafungua injini kwenye mtumbwi wa kijani. Mimi nikatoka bandani kwenye jua, nikaanza kupanda kuwafuata. Sijui nilitaka kumwambia nini. Nilipotoka kivulini nikaweka mguu wa kwanza kwenye mchanga, kisha wa pili, na mchanga wa mwezi wa nane saa ile unaweza kuchomea dagaa.

Ebow aligeuka mlangoni mwa gari. Aliniona. Akamsukuma yule kijana aliyemshika, si kwa kukimbia, akapaza sauti kwa nguvu zake zote, "Mama! Miguu! Mchanga unaunguza, mama, rudi ukavae viatu! Jamani, mpeni viatu vyake!"

Nilisimama. Maumivu yalikuwa yanapanda kutoka nyayoni, makali, na nyuma yake yalikuja mengine yote, ya Ijumaa, ya Jumatatu, ya mfuko wa barafu, ya mtoto atakayezaliwa mwezi ujao baba hayupo. Nikaanza kulia katikati ya pwani, mbele ya watu niliowatajia bei miaka kumi na tisa.

"Nausikia, mwanangu," nikamwambia. "Nausikia."